Wauza mafuta ya kunukia na mitishamba wawekewe leseni ama waachwe?

Baba Twins Umo:
Wakuu, swali moja na naomba tusianze matusi. Wiki iliyopita nimenunua kachupa kadogo hapo tao kwa jamaa wa meza, akaniambia ni lavenda safi kabisa, mia sita, nikaweka matone kwa difyuza ya waifu, kile kimashine cha kusambaza harufu, ndio watoto walale mapema. Wapi. Usiku mzima mmoja anakohoa, macho mekundu, nyumba inanuka kama sabuni ya kupiga deki. Asubuhi ndio naangalia chupa vizuri: jina la mtengenezaji hakuna, alama ya ubora ya KEBS hakuna, tarehe hakuna, ni picha ya maua ya zambarau tu. Kurudi pale jamaa hayuko, meza sasa inauza chaja. Si hawa watu wawekewe leseni kama duka la dawa? Ama tuwaache tu, maana hata mama zetu walituchemshia majani na hakuna aliyewauliza karatasi?

Fundi wa Gikomba:
Leseni tena jamani. Ukisema leseni, kesho askari wa kanjo wanabeba mama wa Marikiti na mafungu yake ya rozimeri na mchaichai ya shilingi ishirini, na huyo wa chupa feki anatoa kitu kidogo anaendelea. Shida yako ni kununua dawa ya usingizi kwa mtu anauza chaja.

Baba Twins Umo:
Hiyo siku alikuwa hajaanza chaja.

Nesi wa Usiku:
Baba Twins pole. Mimi nafanya zamu ya usiku wodi ya watoto na hii maneno huniudhi. Mtoto wa chini ya miaka miwili usimpake wala usimwekee kitu yenye mentoli, kafuri ama mkaratusi karibu na pua, inaweza kumbana pumzi. Na yale mafuta makali ya mkaratusi, mtoto akimeza hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupata degedege. Watu hudhani kwa sababu kimetoka kwa mti basi ni maji. Halafu kuna hii ya kufunika mtoto blanketi juu ya sufuria inachemka, nimefunga bandeji mimi mwenyewe kwa miguu ya watoto walioungua hivyo. Huo ni ushamba, tuuache.

Binti Mvita wa South B:
Ushamba? Hebu kaa kitako nesi. Nyanya yangu Mombasa amejifukiza kwa majani ya mwarobaini tangu mimi sijazaliwa, na jioni ya Alhamisi chetezo kiko mlangoni, udi unafuka, ukiingia nyumba ile hata kama umegombana na mumeo unanyamaza. Nyinyi watu wa bara ndio hamjui raha ya nyumba kunukia. Mumezoea nyumba kunuka githeri ya tangu Jumapili na supu ya mifupa, halafu mwaja kutuita washamba.

Kamau Chapaa:
Githeri imekukosea nini wewe?

Tosha wa Kayole:
Githeri haijawahi kukohoza mtoto wa mtu.

Fundi wa Gikomba:
Na githeri ya Jumapili ikifika Jumatano na imekaangwa na kitunguu ndio imeiva, muulize mtu yeyote.

Mzee wa Kasarani:
Huyu dada wa Pwani anajivunia vitu si vyake. Mwarobaini si mti wenu, uliletwa na Waarabu. Na hata mkaratusi si wa hapa, ni mti wa Australia, ulianza kupandwa huku karibu 1902, mzungu anatafuta kuni za kuchoma kwa garimoshi la reli ya Uganda. Kwa hivyo hiyo "tiba ya mababu" ni kuni za reli.

Binti Mvita wa South B:
Mzee shikamoo, lakini ukitaka kunipiga nipige vizuri. Mwarobaini asili yake Bara Hindi, si Uarabuni. Na kama tunahesabu wageni, mahindi nayo yalitoka bara la Amerika yakaja na Wareno, tena wakishukia kwetu Pwani, na maharagwe yenu hayo pia asili yake ni huko huko. Sasa githeri ni ya mababu wa nani?

Kamau Chapaa:
😂😂 hapo mzee amelala

Mzee wa Kasarani:
Marahaba. Sijalala. Nasoma.

Mkulima Limuru:
Kwa vile mmetaja mkaratusi. Jirani yangu alipanda mistari mitatu kando ya kijito, kila mtu anamsifu ati atauza nguzo za stima, leo kile kijito unavuka na viatu vya kanisa. Mnakumbuka Michuki akiwa waziri wa mazingira, 2009 hivi, alisema ing'olewe yote kando ya mito? Watu wakamcheka. Mti unakunywa maji ya kijiji kizima na nyinyi hapa mnaulizana kama harufu yake inaleta usingizi. Mimi usingizi imeninyima.

Tosha wa Kayole:
Lakini mbao yake?

Mkulima Limuru:
Mbao ni kitu ingine, hatuongei mbao. Na inapasuka.

Fundi wa Gikomba:
Inapasuka ukiikausha haraka na jua. Iweke kivulini, ipange na nafasi katikati. Msitusi mbao za watu.

Nesi wa Usiku:
Naomba kuuliza. Nimeandika degedege, nimeandika kuungua, nimeandika pumzi. Watu wote wamesoma neno moja, ushamba. Sawa, nalitoa. Sasa kuna mtu anaweza kujibu hiyo ingine?

Binti Mvita wa South B:
Ukilitoa tumesameheana. Ya watoto uko sawa, hata nyanya hakufukiza mtoto mchanga, alimwekea mtu mzima, tena sufuria chini ya kigoda wala si mapajani. Lakini hukuuliza, ulihukumu.

Keateka Pipeline:
Mimi nina la kusema kuhusu huo udi. Ghorofa ya tatu kuna tenanti anachoma kila jioni, vyumba vyetu dirisha ni moja na linatazama ukuta, moshi unashuka koridoni kama kuna moto. Mwingine hapo karibu ana pumu. Wananipigia simu mimi, lendilodi ananipigia mimi. Nimeandika kwa ukuta HAKUNA KUCHOMA UDI, kesho yake mtu ameandika chini yake NA OMENA PIA.

Kamau Chapaa:
Huyo wa omena apewe nyumba bila diposti.

Binti Mvita wa South B:
Udi si moshi wa kuni, huwekwa kidogo tu kwenye kaa, hiyo ni mtu hajui kuchoma. Tena nyote mwanunua ubani Eastleigh mkidhani watoka Makka, mwingi watoka Somalia na huku huku kwetu Wajir na Isiolo, ni utomvu wa miti ya porini.

Mwanafunzi wa Famasia:
Samahani nirudi kwa swali. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kuwe na chombo cha kusimamia tiba asili, kwa hivyo wazo la leseni si geni. Ila kwa miaka mingi waganga wa mitishamba walikuwa wanasajiliwa na wizara ya mambo ya utamaduni, yaani mtu wa dawa anakaa foleni moja na mtu wa ngoma. Mafuta yakiuzwa kama manukato yanaangaliwa kama bidhaa ya kawaida, ukiandika "inatibu" ndio umeingia mambo ya dawa. Ndio maana chupa nyingi zinasema "ya kutuliza", hapo hakuna anayekushika. Na si yote ni uongo, mafuta ya karafuu yana yujenoli ambayo madaktari wa meno hutumia kweli. Shida ni kachupa hakasemi ndani kuna nini na kiasi gani, kwa hivyo hata kama lavenda inatuliza, wewe hujui kama ulinusa lavenda. Ni hayo tu.

Tosha wa Kayole:
Ameandika insha. Alama 38 kwa 40.

Kamau Chapaa:
Mimi nimesoma mpaka foleni ya ngoma.

Mzee wa Kasarani:
Hapo 2020 na korona, ndimu moja tulinunua bei ya wazimu, tangawizi ikaisha soko. Leo ukienda hoteli za wakubwa wanakuuzia tangawizi, limau na asali kwa glasi, jina lake "dawa", mia tatu na kitu, na hakuna anayeitisha leseni ya dawa. Mama yangu alinipa bure na kofi juu.

Dereva wa Namanga:
Nyinyi mnahangaika na lavenda ya Ufaransa ya kutengenezwa River Road, na leleshwa, kile kichaka cha majani ya kunukia, imejaa huku Kajiado mpaka ng'ombe wanajisugua nayo. Wamaasai huweka majani yake kwapani siku zote, na mchungaji akilala porini anatandika matawi yake chini. Kuna watu siku hizi wanakamua mafuta yake kwa mvuke, yananuka kama kafuri lakini tamu zaidi. Mimi nina tawi moja kwa dashibodi, abiria wanalala kabla ya Kitengela. Jamaa mmoja hapa Isinya ananiwekea.

Nesi wa Usiku:
Dereva, wewe uko macho lakini?

Dereva wa Namanga:
Mimi natafuna veve, yaani miraa, inalingana.

Mkulima Limuru:
Leleshwa nayo imeisha kwa makaa, mtaona.

Baba Twins Umo:
Huyo jamaa wa Isinya anauza bei gani? Anaweza tuma na matatu mpaka Umo?

Binti Mvita wa South B:
Baba Twins. Ana leseni?

Baba Twins Umo:
Nimeuliza bei.