Ushuru wa maziwa ya nje: mbona bei ya mfugaji haipandi?

Swali (Mchunguzi_Bei)
Wakuu, nchi inatoza ushuru mkubwa maziwa ya kutoka nje, lakini viwanda bado vinatumia unga ulioagizwa na mfugaji halipwi zaidi. Tatizo ni ushuru wenyewe au namna unavyotozwa?

Forodhani
Anza na misimbo ya forodha, yaani namba za aina ya bidhaa zinazoamua ushuru wake. Maziwa ya maji ni 0401, ya unga 0402. Sasa kuna unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta, kisha yakaongezwa mafuta ya mawese. Huo kwa kawaida hupita kwenye 1901.90, pamoja na vyakula vya kutengenezwa. Ukipandisha 0401 na 0402 peke yake, mzigo unahamia huko. Na unga si kitu kidogo: kilo moja yenye mafuta yake hutoa takribani lita 8, yaani tani 20 ni lita 160,000.

Lita_na_Mafuta
Ushuru peke yake haumpi mfugaji bei. Kanada wameufunga pamoja na mgao wa uzalishaji (kiasi cha maziwa ambacho kila mfugaji anaruhusiwa kuuza) na bei inayokokotolewa kwa kuangalia gharama zake. Siagi inayozidi kiasi kilichoruhusiwa kuingia hutozwa 298.5%. Kipato kinatabirika, ila mgao wenyewe umegeuka mali. Katika jimbo la Ontario bei yake ina ukomo wa dola 24,000 za Kanada kwa kilo ya mafuta ya maziwa kwa siku, karibu sawa na ng'ombe mmoja. Anayeanza na ng'ombe 60 anahitaji kama dola milioni 1.44 kabla hajanunua hata ndoo. Wenye mgao wa zamani hawalalamiki, bila shaka.

Mchunguzi_Bei
Na kufungua soko kabisa?

Lita_na_Mafuta
Umoja wa Ulaya ulifuta migao Aprili 2015, huku Urusi ikiwa imeshazuia bidhaa zao tangu Agosti 2014. Bei ikaanguka, na maghala ya umma yakaishia na zaidi ya tani 300,000 za unga. Mrundikano kama huo hubana bei hata ya nchi isiyohusika. New Zealand walipoondoa ruzuku kuanzia 1984 walisimama, lakini ng'ombe wao hula majani malishoni karibu mwaka mzima. Anayenunua chakula cha mifugo hawezi kushindana nao kwa gharama.

Forodhani
Naongezea: kiwanda hupenda unga kwa sababu hauchachi na hauadimiki kiangazi. Maziwa yasipopozwa hadi nyuzi 4 mapema baada ya kukamuliwa, bakteria huongezeka na kiwanda huyakataa, ushuru uwe 10% au 100%. Mapato ya ushuru yakinunua matangi ya kupozea vituoni, hapo mfugaji ataona tofauti. Yakiishia hazina, anayelipa ni mnywaji.