Naomba ushauri: tunataka mkopo wa halmashauri, ila mwenzetu mmoja haaminiki

Habari zenu wapendwa. Tuko kina mama watano hapa Mbagala, tunasaga unga wa lishe. Mashine ya kufungia hatuna, tunaziba pakiti kwa mshumaa na kipande cha msumeno, nyingine zinatoboka. Maduka ya maana yanataka alama ya TBS (shirika la viwango), kwa hiyo tunaishia kuuziana na majirani.

Tunaufikiria ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Hauna riba, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Katiba ya kikundi tumeshaandika, afisa maendeleo ya jamii wa kata tumemwona.

Shida ni huyo mwenzetu. Kwenye kikoba alitukimbia miezi miwili, simu hapokei, mara mume kasafiri. Mkopo ni wa kikundi, akikwama tunalipa sisi. Tukimtoa tunabaki wanne, hatutimizi idadi. Na kusema ukweli, ndiye pekee anayejua kukaanga soya isiungue.

Mliowahi kuchukua, mtu kama huyu mlimbanaje? Tutafute wa tano mwingine, au tuandikishane naye mbele ya mjumbe?