Mjadala: Je, ni haki kumwomba manusura wa ukatili wa nyumbani asimulie jukwaani?

Mtoa mada: Katika siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, ni kawaida manusura kupandishwa jukwaani aeleze aliyotendewa na mwenzi wake. Waandaaji husema kwamba ushuhuda hugusa watu kuliko takwimu. Naomba tujadili iwapo shirika linalomhifadhi lina haki ya kumwomba afanye hivyo.

Mchangiaji wa kwanza: Naona halina, maana mtu anayetegemea hifadhi na wakili wa shirika hilohilo hana uhuru wa kweli wa kukataa. Usalama nao hupuuzwa: kipindi cha kuondoka na muda unaofuata huwa cha hatari kubwa, na picha moja ya mkutano ikisambaa mtandaoni yaweza kumwonyesha mtesaji mahali alipo. Kesi ikiwa mahakamani, wakili wa mshtakiwa anaweza kulinganisha maneno ya jukwaani na maelezo ya polisi akitafuta tofauti, ilhali aliyeumizwa hakumbuki mambo kwa mpangilio uleule kila mara. Ndiyo maana napendelea sanaa. Mwaka 1990, huko Cape Cod nchini Marekani, fulana 31 zilizochorwa kueleza ukatili dhidi ya wanawake zilianikwa kwenye kamba hadharani, na hakuna aliyelazimika kusimama kando ya fulana yake na kuulizwa kwa nini hakuondoka mapema.

Mchangiaji wa pili: Fulana haiulizwi maswali, ni kweli, lakini pia haimjibu anayedai kwamba mke hupigwa kwa sababu ya mdomo wake. Mimi nilizungumza kwa hiari, miaka kadhaa baada ya talaka, na kilichoniudhi ni kupangiwa la kusema: mwandaaji alitaka habari za vipigo, nami nilitaka kueleza jinsi mshahara wangu ulivyochukuliwa kila mwezi hadi nikakosa hata nauli ya kuondokea. Mtaalamu aliyenitangulia alilipwa. Mimi nilipewa soda na cheti. Kwa hiyo nakubali kwamba aliye bado hifadhini asiombwe kabisa. Aliyekwisha kujitegemea aombwe kama mzungumzaji mwingine yeyote, alipwe, achague mwenyewe la kusema, na aweze kudai video yake iondolewe hata baada ya kuridhia.