Naombeni ushauri: utafiti unasema hivi, mteja niliye naye yuko vile

Mleta uzi:
Habari wakuu. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na jambo hili linaninyima raha. Majaribio mengi ya tiba ninayosoma huchagua washiriki wenye tatizo moja, kisha mwongozo wa tiba unafuatwa hatua kwa hatua. Mteja wangu anakuja na sonona, pombe na ndoa inayovunjika, vyote kwa mpigo. Nikishika mwongozo naona simsikilizi. Nikiuacha naogopa kwamba nabahatisha na maisha ya mtu. Wenzangu mnafanyaje?

Mshauri_Mkongwe:
Pole mkuu. Jaribio linajibu kama njia fulani inasaidia watu kwa wastani. Wewe unataka kujua kama huyu mmoja anapata nafuu, na hilo utalijua kwa kumpima kila mnapokutana. PHQ-9, dodoso fupi la kupima dalili za sonona, ina maswali 9 tu, alama 0 hadi 27. Swali la mwisho linagusa mawazo ya kujidhuru. Akiweka alama yoyote hapo, mzungumze siku hiyohiyo.

Usitegemee hisia peke yake. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005: watoa tiba walitakiwa kubashiri nani atazorota kati ya wateja 550. Walitaja 3. Waliozorota ni 40.

Sikio:
Napinga kidogo. Dodoso haliwezi kukwambia kwa nini mtu amenyamaza ghafla. Na tafiti hizohizo zinaonyesha kwamba maelewano kati ya mteja na mtoa tiba yanaendana na matokeo mazuri. Kumsikiliza si kuukimbia utafiti.

Msomi_wa_Usiku:
Wote mna hoja. Mimi ningeongeza: jua sababu ya kila hatua, ndipo utajua ipi inaweza kupunguzwa. Chukua mtu mwenye hofu kali. Kumkabilisha polepole na anachokiogopa ndiko kunakomfundisha kwamba hatari anayoitarajia haiji. Wengi wetu tunairuka hatua hiyo kwa kumwonea huruma, tunabaki na maongezi na mazoezi ya kupumua. Kikao kinakuwa kitamu, lakini dawa yenyewe tumeiondoa. Badili mifano, lugha, kasi, hata mpangilio. Hatua hiyo ya kumkabilisha usiiguse.

Watafiti nao watupe majaribio yenye watu kama wa mleta uzi. Hilo ni deni lao.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Je, mteja akiliona dodoso kama mtihani?

Mshauri_Mkongwe:
Msomee kwa sauti, mjaze pamoja, halafu muonyeshe alama za leo na za mara iliyopita. Muulize yeye anaonaje. Zikipanda mara mbili mfululizo, yaani hali inazidi kuwa mbaya, badilisheni mpango pamoja, au peleka kesi hiyo kwa msimamizi wako.