Mfumo wa SACCOS: tununue uliokamilika, tuunge vipande au tuandike wenyewe?

Fundi_Msimbo
Wakuu, habari za humu. Tuko watatu, tumepewa kazi ya mfumo wa SACCOS: hisa, akiba, mikopo, makato ya mishahara, malipo kwa simu. Bodi inataka tununue uliokamilika. Mwenzangu anataka tuandike kila kitu. Mimi naona hifadhidata, ripoti na meseji tuchukue vilivyopo, mikopo tuandike wenyewe. Mnashaurije?

MamaSeva
Hifadhidata usiandike, wala usimbaji fiche (kufunga data zisisomeke na wasiohusika). Hapo hakuna mjadala. Lakini cha kununua nacho kina kazi yake: unasoma mikataba, unajaribu kila toleo jipya, unamsubiri muuzaji. Na bei haiko mikononi mwako. Januari 2023 Oracle walibadili malipo ya usajili wa Java SE (jukwaa la kuendeshea programu), yakahesabiwa kwa idadi ya wafanyakazi wote, hata mlinzi wa getini asiyegusa kompyuta. Java kuna OpenJDK, toleo la bure, ya kukimbilia. Broadcom walipoinunua VMware (wenye programu za kugawa seva moja itumike kama nyingi) Novemba 2023, mwezi uliofuata tu wakaacha kuuza leseni za kudumu, na kuhama huko si kazi ya wiki moja.

Dogo_Data
Kwa hiyo dada, vya bure ndiyo jibu? Apache Fineract, mfumo wa bure wa huduma za fedha, ina akiba na mikopo tayari.

MamaSeva
Ijaribu, ila usichokonoe msimbo wake wa ndani. Ukishaugusa, kila toleo jipya linakuwa vita. Zungushia tabaka lenu jembamba la msimbo, mfumo wenu uongee na tabaka hilo tu. Siku ya kubadili mtoa huduma wa meseji, mnagusa faili moja.

Mzee_wa_Ripoti
Mimi niko upande wa bodi. Nyinyi watatu mkipata kazi Dubai, nani atabaki na huo mfumo? SACCOS haina idara ya programu. Wanunue, lakini mkataba useme mambo mawili: data zote zitoke kwa muundo unaosomeka bila malipo ya ziada, na msimbo uhifadhiwe kwa mtu wa tatu, utolewe muuzaji akifunga duka. Kuna ofisi niliwahi kufanyia kazi, data zilitoka kwa PDF tupu. Tuliziingiza upya kwa mkono.

Kipimo
Wote mnaongelea leseni. Mimi naogopa zaidi neno "imethibitika". Roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 tu tangu iruke. Programu ya kupima mwelekeo ilitoka Ariane 4, na huko ilifanya kazi vizuri kabisa. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikawa kubwa mno kuingia kwenye nafasi ya biti 16, kompyuta zote mbili za kipimo zikazima. Na hesabu yenyewe haikuwa na kazi tena baada ya kuruka!
Kwenu hatari iko kwenye riba. Mfumo unahesabu kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote wa mwanzo? Mwaka una siku 360 au 365? Mwanachama akilipa nusu ya rejesho, inaanza kukatwa riba au mtaji? Chukueni mikopo halisi iliyokwisha kulipwa, ficheni majina, mpitishe kwenye kila mfumo kabla ya kusaini chochote.

Dogo_Data
Hapo kwa nusu rejesho umenigusa mkuu.

MamaSeva
Kipimo kanena. Ongezeeni orodha ya vipande na matoleo yake, pamoja na vilivyofichwa ndani ya vya kununua. Log4j, kipande cha Java cha kuandika kumbukumbu za mfumo, ilipogundulika ina tundu la usalama Desemba 2021, wengi hata hawakujua kama wanayo.

Fundi_Msimbo
Ahsanteni. Bodi inakaa Alhamisi. Nitaanza na majaribio ya riba, kisha mkataba wa Mzee. Swali: malipo ya simu tuunganishe moja kwa moja na kila mtandao, au tupitie kwa mkusanyaji mmoja anayeunganisha mitandao yote?

Mzee_wa_Ripoti
Mkusanyaji kwanza. Ila ulinganisho wa miamala ya kila jioni andikeni wenyewe, huo msimwachie mtu.