Je, sheria ndogo ya kuzuia makundi kukaa vijiweni inaweza kusimama mahakamani?

Mjumbe wa Shina (swali)

Ndugu zangu, naishi Temeke, na kamati ya mtaa imenipa kazi ya kuandaa hoja ya kumpelekea diwani ili halmashauri itunge sheria ndogo dhidi ya makundi ya vijana wanaojazana vijiweni. Mbele ya genge la mama muuza mihogo kuna gogo la mnazi ambalo mchana hukaliwa na mafundi na madereva wa bodaboda. Ikishapita saa mbili usiku hukaliwa na wengine, taa ya nguzo hupigwa manati kila inapobadilishwa, na wanawake wanaotoka kazini huzungukia makaburini ili wasipite hapo. Rasimu yangu inasema kwamba atakayekutwa amekaa na mwanakikundi wa uhalifu mahali pa umma "bila sababu ya msingi" atatozwa faini. Je, kuna mji uliowahi kujaribu jambo hili?

Wakili wa Pembeni

Upo, Ndugu Mjumbe, na maneno yake yanakaribiana mno na yako. Mwaka 1992 baraza la jiji la Chicago lilipitisha sheria iliyomruhusu askari, akiamini kwamba mmoja wa watu wanaozurura pamoja ni mwanagenge, kuwaamuru wote watawanyike. Aliyekaidi alikabiliwa na faini ya hadi dola 500 au kifungo cha hadi miezi 6. Kuzurura kulielezwa kuwa ni kubaki mahali pamoja bila kusudi linaloonekana. Katika miaka mitatu ya utekelezaji polisi walitoa amri zaidi ya 89,000 na kukamata watu zaidi ya 42,000.

Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwa sababu hakuna raia anayeweza kujua kusudi lake "linaonekana" lini, na hivyo kila kitu kinabaki kwa askari aliyepo. Jaji Stevens alitoa mfano wa mwanagenge aliyesimama na baba yake nje ya uwanja wa besiboli wa Wrigley Field: kwa sheria ile haikuwa na maana kama wanavizia mtu wa kumpora au wanataka tu kumwona mchezaji Sammy Sosa akitoka. La ajabu, genge lililokaa wazi kutishia wapinzani wake lilikuwa na kusudi linaloonekana, kwa hiyo kwa maneno yenyewe ya sheria halikuguswa.

Bibi wa Mtaa wa Pili

Wakili, usiwasahau majaji watatu waliopinga. Jaji Thomas aliwataja wazee wa Chicago walioeleza jinsi walivyoogopa kutoka nje ya nyumba zao, nami hofu hiyo naijua, maana mwaka mzima sikwenda swala ya isha kwa ajili ya kijiwe kimoja. Tena jiji lile halikukata tamaa: mwaka 2000 lilitunga sheria nyingine, inayolenga kukaa kwa lengo la kutawala eneo, kutisha wapitao au kuficha uhalifu, na katika maeneo yaliyoteuliwa tu.

Kondakta Mstaafu

Shikamoo Bibi. Hofu yako ni ya kweli, lakini sisi tunazo tayari sheria za uzururaji, vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, na mpwa wangu alilala rumande kwa uzururaji huku akiwa kituoni anasubiri daladala. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Mjumbe wa Shina

Nawashukuru wote. Maneno "bila sababu ya msingi" nayafuta. Nitaandika kuhusu kuziba njia, kutisha wapitao na kuvunja taa, na kwa diwani nitaomba taa yenye wavu wa chuma kabla ya faini yoyote. Nimeisoma rasimu upya jana usiku nikaona kwamba wa kwanza kutozwa angekuwa mama muuza mihogo mwenyewe, kwa kuwa mwanawe ni mmoja wa vijana wale, na kila usiku akishazima jiko huketi naye pale kwenye gogo hadi akubali kurudi nyumbani.