Naomba ushauri: vifaranga wanakufa kwa baridi ya Newala

Ndugu wafugaji, habari za majukumu. Niko Newala, huku juu uwanda wa Makonde, na kipupwe kimenibana. Nina vifaranga wa kienyeji 43, wana wiki mbili. Usiku ukungu ukishuka wanalundikana kona moja. Asubuhi nakuta wa chini wamelala bapa, manyoya yamelowa. Juzi wanne, jana watatu. Inaniuma sana, hawa ndio ada ya mwanangu.

Umeme sina, natumia chungu cha mkaa uliofunikwa majivu. Nikiziba banda kwa viroba, hewa ya mkaa inajaa, nayo inaua. Nikiacha wazi, joto lote linakimbia. Najua wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza taratibu, ila kipimajoto sina, naangalia tu wanavyokaa.

Je, nizungushe maboksi kwa duara wasipate kona? Matundu ya hewa niyaache juu au chini? Na chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle), ile ya tone la jichoni, niwape sasa au nisubiri wachangamke? Mliofuga Newala, Tandahimba, hata Rondo, nisaidieni kabla ya usiku wa leo.